Waasisi Waligombana

Kuna namna moja ya kufundisha misingi ya serikali ya Marekani ambayo ukishakutana nayo mara mbili tatu, utaitambua popote. Huanzia Athens, demokrasia inapozaliwa. Roma inaipokea na kuitia sheria. Mwaka 1215 Mfalme John wa Uingereza anabanwa na makabaila wake mpaka anakubali Magna Carta. Karne zinapita, anakuja John Locke na haki za asili, anafuata Montesquieu na mgawanyo wa madaraka, kisha kijiti kinafika kwa Thomas Jefferson mwaka 1776 na kwa James Madison mwaka 1787. Mbio zinaishia Philadelphia. Kila mmoja amekimbia kipande chake, na hakuna aliyeangusha kijiti.

Hadithi hii nimeikuta katika vitabu vya kiada, katika mabango ya ukutani, na katika video fupi ambazo wanafunzi wangu huzitazama usiku wa kuamkia mtihani. Tarehe zake ni sahihi. Watu wake waliishi kweli, na vitabu vyao walivisoma kweli wale waliokuja baadaye. Ninachokikosoa ni umbo lake. Hii ni nasaba, na mimi niliyekulia Tanga najua kidogo mambo ya nasaba. Mtu haiandiki nasaba bure. Huiandika pale anapotaka kuonyesha kwamba alichonacho ni chake kwa haki, na kwamba babu zake walikuwa na nia moja. Babu aliyegombana na nduguye hasemwi. Bibi aliyenunuliwa sokoni hasemwi kabisa.

Ninafundisha somo la serikali katika shule ya sekondari mjini Columbus, jimbo la Ohio. Wanafunzi wangu wana miaka kumi na saba au kumi na minane. Baadhi yao watapiga kura kabla hawajamaliza shule. Katika kila darasa huwa nao wachache ambao nyumbani wanazungumza Kiswahili, watoto wa familia za Kikongo, wengine wamezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Sheria ya Ohio inataka wanafunzi wote wasome nyaraka za msingi: Azimio la Uhuru la 1776, Sheria ya Eneo la Kaskazini-Magharibi ya 1787, Katiba ya Marekani pamoja na marekebisho yake kumi ya kwanza, na Katiba ya Ohio yenyewe. Kwa hiyo swali la kama nyaraka hizi zisomwe limekwisha jibiwa. Lililobaki ni swali la mhakiki: zisomwe vipi?

Jibu langu ni kwamba zisomwe kama magomvi. Na sisemi hivyo kwa kupenda fujo. Nyaraka zenyewe ziliandikwa hivyo.

Tuanze na Locke, kwa sababu yeye ndiye mzee wa nasaba hii. Kitabu chake cha mikataba miwili juu ya serikali kilitoka mwaka 1689 bila jina la mwandishi. Hoja yake kuu inafundishika kwa dakika tano: kabla ya serikali, watu wote wako huru na sawa, wanaunda serikali ili ilinde maisha, uhuru na mali zao, serikali ikivunja ahadi, wanayo haki ya kuiondoa. Serikali halali ni ile iliyopata ridhaa ya wanaotawaliwa. Ukiishia hapo, darasa zima litaandika na kutikisa vichwa.

Neno ridhaa, hata hivyo, halikubali kuandikwa tu likaachwa. Kwa wanafunzi wangu wa Kiswahili ni neno la nyumbani. Ni la posa na ndoa, la mzazi kumridhia mtoto, la mtu kusema "nimeridhika" huku uso wake ukisema vingine. Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa mimi niliridhia lini?" Locke alilijua swali hilo, na jibu lake ni maarufu: mtu anayefaidi ulinzi wa nchi, hata kama ni kwa kutembea tu katika barabara zake, amekwisha kutoa ridhaa ya kimya. Yule msichana akafikiri kidogo, akasema kwamba kambini walikuwa wakitembea barabarani kila siku, lakini kutoka nje ya kambi kulihitaji kibali. Je, hiyo nayo ni ridhaa?

Wafafanuzi wa Locke wamelizungukia tatizo hilo miaka mingi, na yeye alilifikia kwa sentensi mbili, kwa sababu alikuwa nalo maishani. Pale nasaba inapotaka tumsalimie mzee na kupita, msomaji mwenye jambo lake anamsimamisha. Na akishasimama, kuna zaidi la kumuuliza. Locke alikuwa na hisa katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyofanya biashara ya watumwa. Alishiriki pia katika kuandaa katiba ya koloni la Carolina ya mwaka 1669, iliyompa bwana mamlaka kamili juu ya mtumwa wake mweusi. Wapo wanaosema basi, mtupeni. Mimi sikubali. Hoja ya ridhaa ikishatoka mdomoni mwa mtu haiwezi tena kurudishwa mfukoni mwake, na wengi walioitumia baadaye kudai uhuru ni watu ambao Locke asingewakaribisha mezani. Lakini mwanafunzi ana haki ya kujua kwamba hoja na mtoa hoja walitofautiana, na kwamba kufuatilia tofauti hiyo ndiko kusoma kwenyewe.

Sasa twende Philadelphia. Wajumbe 55 walihudhuria mkutano ule wakati mmoja au mwingine; waliotia saini tarehe 17 Septemba 1787 ni 39. Rhode Island haikutuma mtu. Watatu waliokuwa ukumbini siku ile, George Mason, Edmund Randolph na Elbridge Gerry, walikataa kusaini. Mkutano ulifanyika kwa siri, na kumbukumbu ambazo Madison aliziandika humo hazikuchapishwa mpaka 1840, yeye akiwa amekwisha fariki. Jambo hili moja lingetosha kuivunja picha ya wazee wanaopokezana kijiti. Ilikuwa nyumba yenye milango iliyofungwa, na ndani yake watu wanavutana.

Ugomvi ulipotoka nje, ukahamia magazetini. Kwa upande mmoja kuna makala 85 zilizotiwa saini ya Publius, jina la uficho la Alexander Hamilton, Madison na John Jay. Kwa upande wa pili kuna waandishi waliojiita majina yao ya uficho, na aliye mkali kuliko wote alijiita Brutus. Makala yake ya kwanza ilitoka New York Oktoba 1787. Hoja yake ni hii: jamhuri haiwezi kuwa kubwa hivi. Nchi ikitanuka, wawakilishi watakuwa mbali na watu, hawatajua shida zao, na watu hawatawaamini. Serikali isiyoaminiwa itahitaji jeshi ili itiiwe. Na ili kuipa hoja yake uzito, anamwita shahidi. Shahidi huyo ni Montesquieu.

Rudia kusoma hapo. Montesquieu, ambaye bango la ukutani linamweka kama baba wa Katiba, ndiye aliyetumiwa kuipinga. Publius naye alimtumia, kutetea mgawanyo wa madaraka. Mzee mmoja, kambi mbili, kila moja inasema ni wetu. Nasaba haina mahali pa kuliweka jambo hili, na ndiyo maana huliacha.

Jibu la Madison lilikuja tarehe 22 Novemba 1787, katika makala ya kumi. Kwa maoni yangu ndiyo makala bora katika mkusanyiko wote, na ndiyo inayofundishwa vibaya kuliko zote. Shida huanzia kwenye neno lake la msingi, analolitumia kwa watu walioungana kwa maslahi au hasira inayowaumiza wengine. Kwa Kiswahili ningeweza kusema kundi, kambi, mrengo, au genge. Nilipowapa wanafunzi wangu maneno hayo manne wachague, walibishana kipindi kizima. "Kundi" ni pole mno. "Genge" linawafanya wawe wezi, wakati Madison anasema hata walio wengi, wenye kura zote, wanaweza kuwa hivyo. Tulimaliza bila neno, lakini tukiwa tumeielewa makala. Madison haamini kwamba watu watakuwa wema. Anaamini kwamba chanzo cha makundi kimo katika maumbile ya binadamu, na zaidi katika mgawanyo usio sawa wa mali, na kwamba dawa pekee ni kuitanua nchi mpaka makundi yawe mengi kiasi kwamba hakuna moja linaloweza kuyameza mengine.

Nani alishinda ubishi huo? Katiba ilipita, kwa hiyo tunasema Madison. Ila nikiwagawa wanafunzi, nusu Publius na nusu Brutus, wale wa Kongo mara nyingi huomba kuwa Brutus. Hawahitaji kuelezwa maana ya mji mkuu ulio mbali. Kutoka Uvira hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita elfu moja, na kuna watu waliozeeka wakiisikia serikali yao redioni tu, au wakiiona katika sare za askari. Hapo upande wa Madison unalazimika kufanya kazi. Haufaulu kwa kusema "mbona Marekani imefanikiwa". Lazima uonyeshe kwamba ukubwa peke yake si dawa, kwamba panahitajika pia uchaguzi unaofanya kazi na vyombo vinavyochungana. Na tukifika mwisho, nawakumbusha kwamba walioshindwa hawakuondoka mikono mitupu. Moja ya malalamiko makubwa ya Mason lilikuwa kwamba Katiba haikuwa na tamko la haki. Kelele za wapinzani ndizo zilizosukuma marekebisho kumi ya kwanza, yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Uhuru wa kusema, wa kuabudu, wa kutopekuliwa ovyo: sehemu ambayo Wamarekani wengi huikumbuka kwanza wakitaja Katiba yao imetokana na shinikizo la watu walioikataa.

Kisha kuna yale ambayo hayakusemwa. Katiba ya 1787 ina vifungu kadhaa vinavyohusu utumwa, lakini neno mtumwa halimo. Wamo "watu wengine", wamo watu waliofungwa kwa kazi. Madison mwenyewe alisema ukumbini kwamba haingekuwa sawa kuingiza ndani ya Katiba wazo kwamba binadamu anaweza kuwa mali. Kwa hiyo walikiweka kitu na kuliondoa jina lake. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Hapa wapo waliouficha, na kilichozaliwa ni vita.

Kifungu cha tatu kwa tano ndicho mtihani wangu ninaoupenda. Ninauliza: mwaka 1787, nani alitaka mtumwa ahesabiwe mtu mzima? Karibu wote hujibu kwamba ni watu wa Kaskazini, wapinga utumwa. Jibu ni kinyume. Majimbo ya Kusini ndiyo yaliyotaka wahesabiwe wote, kwa sababu kila kichwa kilichohesabiwa kiliwaongezea mabwana viti katika Baraza la Wawakilishi, huku mwenye kichwa hicho hana kura. Sehemu hiyo ya tano tatu haikuwa tusi tu kwa utu wa mtu. Ilikuwa bei ya madaraka. Mwanafunzi anayeondoka akijua hilo amejifunza kusoma sheria: asiangalie inavyosikika, aangalie inampa nani nini.

Na hapa waraka ule ambao watu wa nje ya Ohio hawaukumbuki unapata kazi. Tarehe 12 Julai 1787 wajumbe wa Philadelphia walikubaliana juu ya hesabu hiyo ya tatu kwa tano. Siku iliyofuata, tarehe 13 Julai, Kongresi iliyokuwa ikikaa New York ilipitisha Sheria ya Eneo la Kaskazini-Magharibi, ardhi ambayo leo inajumuisha Ohio. Kifungu chake cha sita kinaupiga marufuku utumwa, na kinautaja kwa jina. Kifungu hichohicho, kabla ya kumaliza, kinaruhusu mtumwa aliyetoroka kukamatwa na kurudishwa. Sheria hiyo iliahidi pia kwamba Wahindi Wekundu wangetendewa kwa nia njema na ardhi yao isingechukuliwa bila ridhaa yao. Neno letu lile tena. Mwaka 1794 majeshi yalikutana Fallen Timbers, na mwaka 1795, kwa Mkataba wa Greenville, sehemu kubwa ya Ohio ikaenda. Jimbo lilizaliwa 1803. Mwaka 1804 likatunga sheria ya kumtaka mtu mweusi aonyeshe cheti cha kuthibitisha kwamba yu huru. Wanafunzi wangu waliokua wakitunza karatasi za familia ndani ya mfuko wa plastiki, zisilowe, hawana haja ya maelezo marefu.

Mtu atauliza: je, hili halitawakatisha tamaa vijana? Swali ni la haki, na huulizwa na watu wenye nia njema. Wanasema nchi inahitaji raia wanaoipenda, na mtu hapendi kitu anachokiona kila siku kikivuliwa nguo. Upande mwingine kuna wanaoniambia kinyume: kwamba ukishajua Locke alikuwa na hisa na Jefferson alimiliki watu zaidi ya 600 katika maisha yake, hakuna cha kusoma tena, funga kitabu.

Kwa wote wawili ninamleta Frederick Douglass, kwa kuwa ndiye mhakiki bora wa nyaraka hizi ninayemjua. Alizaliwa mtumwa Maryland, akatoroka, akajiunga na kambi ya William Lloyd Garrison, aliyeamini kwamba Katiba ni waraka wa utumwa toka mwanzo hadi mwisho. Garrison alikuwa mkweli katika imani yake. Tarehe 4 Julai 1854, huko Framingham, Massachusetts, aliichoma nakala ya Katiba mbele ya umati. Lakini kufikia wakati huo Douglass alikwisha kuachana naye. Mwaka 1851 alitangaza kwamba, baada ya kuisoma upya, ameona Katiba inaweza kusomwa kama silaha dhidi ya utumwa. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Julai 1852, mjini Rochester, aliwakaripia wananchi wake kwa sherehe ya uhuru isiyomhusu mtumwa, na katika hotuba hiyohiyo akaisifu Katiba. Ukimya wa waandishi, ule tulioukasirikia, kwake ukawa mlango: kama hawakuthubutu kuliandika jina, basi hawakuupa utumwa msingi wa kusimamia.

Sisemi Douglass alikuwa sahihi kwa kila jambo. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama Kuu ilisoma waraka uleule na kuamua kwamba mtu mweusi mwenye asili ya utumwa hawezi kuwa raia wa Marekani. Ninachosema ni kwamba alisoma kwa hasira na kwa makini kwa wakati mmoja, na kwamba nasaba haiwezi kumfundisha mtu kusoma hivyo. Nasaba inafundisha kuheshimu. Kuchoma kunafundisha kudharau. Vyote viwili vinamwondolea kijana kazi ya kusoma.

Kuna njia ya tatu ya kuiondoa kazi hiyo, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mtihani wa uraia wa Marekani, katika toleo la 2008, ulikuwa na maswali 100. Mwombaji aliulizwa hadi 10 na alifaulu kwa 6. Swali moja linamtaka amtaje mmoja wa waandishi wa makala za Publius. Halimtaki aseme walikuwa wakimjibu nani. Mwaka 2015 Arizona likawa jimbo la kwanza kumtaka mwanafunzi wa sekondari afaulu mtihani wa namna hiyo kabla ya kuhitimu, na mengine yakafuata. Sina ugomvi na mama mwenye miaka hamsini anayekariri majibu hayo usiku baada ya zamu ya kazi. Anakariri kwa sababu kuna kitu kikubwa mbele yake, na anastahili heshima. Lakini mtoto wake wa miaka kumi na saba hakuletwa shuleni kufanya tena mtihani wa mama yake.

Kwa sababu ubishi haujaisha. Mwaka 1868 Marekebisho ya Kumi na Nne yaliijibu hukumu ya Dred Scott: anayezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake ni raia. Mwaka 1898, katika kesi ya Wong Kim Ark, mzaliwa wa San Francisco mwenye wazazi Wachina, Mahakama Kuu iliamua kwamba maneno hayo yanamhusu. Januari 2025 rais alitoa amri ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa nchini kwa wazazi wasio raia, na ndani ya wiki chache majaji walianza kuizuia. Asubuhi ile wanafunzi wangu waliingia darasani na simu zao mkononi. Kijana ambaye kwake misingi ya serikali ni picha za wazee ukutani alikuwa na njia mbili tu, kuogopa au kupuuza. Waliosoma magomvi walifungua waraka na kuuliza maneno "chini ya mamlaka yake" yana maana gani, nani alibishana nayo mwaka 1866, na nani aliyasoma mwaka 1898.

Katiba ile inaanza na neno "sisi". Wanafunzi wangu huniuliza nilitafsiri vipi linalofuata: sisi watu, au sisi wananchi, kama Katiba ya Tanzania inavyosema? Mwananchi ni mwana wa nchi, mtu wa mahali. Mtu ni yeyote. Kiswahili kina "sisi" moja tu. Haikuambii kama unayeongea naye yumo au hayumo. Mwaka 1787 waliolitumia neno hilo walidhani wanajua ni nani. Mason hakusaini. Douglass alijiingiza bila kualikwa. Ohio ilidai vyeti. Kila kizazi kimelibishania upya, na darasani kwangu wapo watakaolibishania kesho. Ninachodaiwa kuwapa ni ubishi wenyewe, mzima, pamoja na pande zake zote.